Goti huvutwa kutoka juu: kazi ya misuli na tando za paja

Ukiitazama mifupa ya goti ikiwa mitupu, bila nyama wala kano, utashangaa jinsi isivyoshikana. Nyonga ina tundu lenye kina ambamo kichwa cha mfupa wa paja huingia na kutulia. Goti halina kitu kama hicho. Ncha ya chini ya mfupa wa paja ina vinundu viwili vya mviringo, navyo vimekaa juu ya mfupa wa ugoko ambao sehemu yake ya juu ni karibu bapa. Meniski, zile gegedu mbili zenye umbo la hilali, huongeza kina kidogo tu. Na kiungo hiki, kilicho katikati ya mifupa miwili mirefu kuliko yote mwilini, kinatakiwa kibebe uzito, kikunje, kinyooke na kujizungusha kidogo. Mifupa peke yake isingeimudu kazi hiyo hata kwa hatua moja.

Kinacholisimamisha goti ni vitu vinavyolizunguka na kulivuta: ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, kano zinazofunga msuli kwa mfupa, tando, na zaidi ya vyote misuli ya paja. Ndiyo sababu kila anayelalamika goti huambiwa aimarishe misuli ya paja. Ushauri si mbaya, ila ni nusu ya habari. Msuli uleule wa paja unaweza kulilinda goti au kuliumiza, kutegemea pembe ambayo goti limekunjwa wakati msuli unapovuta. Asiyejua habari ya pembe atachanganyikiwa kila mara, maana atasikia zoezi moja likisifiwa leo na kulaumiwa kesho, na wote wawili wanaosema watakuwa na hoja.

Tuwataje wahusika kwa haraka. Mbele ya paja kuna kwadrisepsi, msuli wenye vichwa vinne. Vitatu vimeanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe. Cha nne, rektasi femorisi, kimeanzia kwenye nyonga, kwa hiyo kinavuka viungo viwili. Vyote vinne huungana katika kano moja nene inayokishika kilegesambwa, ile pia ya goti, kisha kuendelea chini hadi kwenye kinundu cha mbele ya ugoko. Nyuma ya paja kuna hamstringi, misuli mitatu: mmoja hushuka upande wa nje na kushika kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni, na miwili hushuka upande wa ndani. Karibu yote huanzia kwenye mfupa tunaoukalia, hivyo nayo huvuka nyonga na goti kwa pamoja. Misuli ya ndani ya paja kazi yake kubwa ni kukutanisha mapaja, na mmoja tu kati yake, grasilisi, hufika chini ya goti. Upande wa nje, juu ya nyama zote, hupita ukanda mpana mweupe wa tishu unganishi. Huo tutaurudia, kwa sababu umesingiziwa mengi.

Kilegesambwa na mzigo usioonekana

Mlango husukumika kwa urahisi ukiusukuma mbali na bawaba, na kwa taabu ukiusukuma karibu nazo. Kilegesambwa kipo kwa sababu hiyohiyo. Ni mfupa uliokulia ndani ya kano, nacho huiinua kano hiyo na kuiweka mbali na kitovu cha mzunguko wa goti, ili nguvu ileile ya kwadrisepsi inyooshe mguu kwa ufanisi zaidi. Watu walioondolewa kilegesambwa baada ya kuvunjika vibaya hupungukiwa waziwazi na nguvu za kunyoosha mguu.

Lakini faida hiyo ina gharama. Goti likinyooka, mvuto wa kwadrisepsi kwenda juu na mvuto wa kano kwenda chini huwa karibu katika mstari mmoja. Goti likikunjwa, mistari hiyo miwili hufanya kona, na jumla yake hukisukuma kilegesambwa nyuma, kikakandamizwa kwenye mfereji ulio mbele ya mfupa wa paja. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba katika kutembea kawaida mgandamizo huo ni kama nusu ya uzito wa mwili. Katika kupanda ngazi hufika kama mara 3 ya uzito huo, na katika kuchuchumaa hadi chini hufika mara 7 au zaidi. Hakuna mtu aliyekutwisha mzigo; ni msuli wako mwenyewe unaokandamiza.

Mwili umejiandaa kwa hali hiyo. Gegedu lililo nyuma ya kilegesambwa ndilo nene kuliko yote mwilini, milimita 5 na zaidi katika baadhi ya sehemu. Tena eneo linalogusana hubadilika: goti likiwa limenyooka kilegesambwa hugusa mfereji kwa shida, na kadiri goti linavyokunjwa ndivyo kinavyozama ndani yake na eneo la kugusana kupanuka. Jambo hili ni la kuangaliwa vizuri, kwa sababu gegedu haliangalii nguvu peke yake, bali nguvu hiyo imegawanywa juu ya eneo la ukubwa gani.

Hapo ndipo pembe inapoanza kuleta maana. Chukua mazoezi mawili ya kwadrisepsi. Katika kuchuchumaa, mzigo wa msuli huongezeka kadiri unavyoshuka, na eneo la kugusana nalo huongezeka. Katika kukaa kitini na kunyoosha mguu wenye uzito uliofungwa kifundoni, mambo hugeuka: kazi ya msuli huwa kubwa zaidi mguu unapokaribia kunyooka, wakati ambapo eneo la kugusana ni dogo kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu nyuma ya kilegesambwa huweza kuchuchumaa kidogo, mpaka digrii 45 hivi (goti lililonyooka likihesabiwa sifuri), bila shida kubwa, na pia kunyoosha mguu akiwa amekaa kuanzia digrii 90 hadi 45, halafu akaishia hapo. Akifanya mazoezi hayohayo katika nusu nyingine ya mwendo, goti litamlalamikia usiku kucha. Zoezi halijabadilika na msuli ni uleule.

Kuvutwa pembeni

Kwadrisepsi haivuti wima. Nyonga zimeachana kuliko magoti, kwa hiyo mfupa wa paja hushuka kwa mshazari kuelekea ndani, ilhali ugoko husimama karibu wima. Pembe inayopatikana kati ya mvuto wa msuli na mvuto wa kano huwa kama digrii 14 kwa wanaume na 17 kwa wanawake. Maana yake ni kwamba kila kwadrisepsi inapokaza, kilegesambwa huelekea kutoroka upande wa nje.

Kinachokizuia ni ukuta wa nje wa mfereji, ambao umeinuka kuliko wa ndani, pamoja na kichwa cha ndani cha kwadrisepsi, ambacho nyuzinyuzi zake za chini zimelala kwa mshazari mkubwa na kuvuta kuelekea ndani. Kuna pia ligamenti nyembamba inayokifunga kilegesambwa kwenye upande wa ndani wa mfupa wa paja. Katika digrii 20 au 30 za mwanzo za kukunja goti, kabla kilegesambwa hakijazama mferejini, ligamenti hiyo hubeba zaidi ya nusu ya kazi ya kukizuia. Haishangazi kwamba kilegesambwa huteguka zaidi goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo tu, mguu umekanyaga na mwili ukajipinda juu yake.

Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wakaze kile kichwa cha ndani peke yake, kwa mazoezi maalumu ya kugeuza mguu huku na huku. Binafsi nadhani muda mwingi umepotea hapo. Vichwa vinne vya kwadrisepsi vinahudumiwa na neva moja na hufanya kazi pamoja, na hakuna zoezi lililothibitika kukitenga kimoja kati yake. Kuimarisha kwadrisepsi nzima husaidia, na kichwa cha ndani hupata sehemu yake.

Kisha kuna jambo ambalo picha za MRI zilizopigwa watu wakiwa wamesimama na kukunja magoti zimelionyesha: mara nyingi si kilegesambwa kinachotoroka, bali mfupa wa paja ndio unaojizungusha kuelekea ndani chini yake. Reli ndiyo inayohama, si treni. Na anayeuzuia mfupa wa paja usijizungushe hivyo ni misuli ya makalio. Kwa hiyo programu nyingi za leo za maumivu ya mbele ya goti hufundisha paja na makalio kwa pamoja.

Mbele na nyuma: pale msuli unapogeuka

Sehemu ambayo pembe huamua mengi kuliko kote ni mvutano wa mbele na nyuma. Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele, ile ambayo wapenzi wa soka husikia kila msimu kuwa mchezaji fulani ameichana, huuzuia ugoko usiteleze mbele ya mfupa wa paja.

Sasa itazame kano inayotoka kwenye kilegesambwa kwenda kwenye ugoko. Goti likiwa karibu kunyooka, kano hiyo haielekei juu tu. Imeinamia mbele kidogo. Kwa hiyo kwadrisepsi ikikaza, huuinua ugoko na wakati huohuo kuuvuta mbele, na ligamenti ya mbele hulazimika kukaza. Goti likiendelea kukunjwa, mwelekeo wa kano hubadilika hatua kwa hatua. Mahali fulani kati ya digrii 60 na 75 huwa sambamba na ugoko, na ikivuka hapo mvuto wa kwadrisepsi huanza kuurudisha ugoko nyuma. Kwadrisepsi iliyokuwa inaielemea ligamenti ya mbele sasa inaipumzisha.

Hamstringi huvuta ugoko nyuma, kwa hiyo wengi huiita mlinzi wa ligamenti ya mbele. Ni kweli, lakini angalia pembe tena. Goti likiwa limenyooka, hamstringi hulala karibu sambamba na ugoko. Ikikaza, sehemu kubwa ya nguvu yake hukandamiza mifupa pamoja, na sehemu ndogo tu huvuta nyuma. Goti likikunjwa, mvuto wake unakaribia kuwa kona mraba na ugoko, na hapo ndipo inapokuwa na uwezo halisi wa kuurudisha.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Karibu na kunyooka, kwadrisepsi huielemea ligamenti ya mbele kwa ukali na hamstringi haina nafasi nzuri ya kusaidia. Mchezaji anayetua kutoka juu goti likiwa karibu limenyooka, kisha likaangukia ndani, anatua katika pembe ambayo misuli yake mwenyewe iko upande wa hatari. Hamstringi ya chuma haitamwokoa katika digrii 10. Itamwokoa zaidi katika 40. Ndiyo sababu mafunzo ya kuzuia majeraha haya hutumia muda mwingi kumfundisha mtu namna ya kutua, si nguvu tupu. Ugomvi wa kama hamstringi inatakiwa iwe na nguvu za asilimia ngapi za kwadrisepsi huwa mtamu, lakini unasahau kwamba uwiano huo wenyewe hubadilika kila digrii.

Na je, misuli hii miwili inayopingana inawezaje kukaza kwa pamoja bila kufutana? Mwanafiziolojia wa Marekani Warren Lombard alilishughulikia fumbo hili mwaka 1903. Unapoinuka kitini, kwadrisepsi na hamstringi hukaza kwa wakati mmoja, ingawa moja hunyoosha goti na nyingine hulikunja. Jibu liko kwenye umbali wa kila mvuto kutoka kitovu cha kiungo. Hamstringi ina umbali mkubwa zaidi nyongani kuliko gotini, kwa hiyo hushinda nyongani. Kwadrisepsi ina umbali mkubwa zaidi gotini, kwa hiyo hushinda gotini. Matokeo yake, nyonga na goti hunyooka pamoja, na goti hubaki limebanwa kutoka pande zote mbili likiwa imara.

Mzunguko wa goti tuutaje kwa ufupi. Katika digrii 20 au 30 za mwisho za kunyooka, ugoko hujizungusha kidogo kuelekea nje na goti hujifunga, hali inayokuwezesha kusimama muda mrefu bila kuichosha kwadrisepsi. Msuli mdogo wa nyuma ya goti, poplitiasi, hulifungua. Hamstringi ya nje huuzungusha ugoko nje na zile za ndani huuzungusha ndani, na mmoja wa misuli hii ya ndani umejishika hata kwenye meniski ya ndani na kuivuta nyuma isibanwe goti linapokunjwa.

Ukanda uliosingiziwa

Misuli yote ya paja imefungwa ndani ya ala moja ya tishu unganishi iitwayo fasia lata. Upande wa nje ala hiyo hunenepa na kuwa ukanda wa iliotibia, unaoteremka kutoka nyonga hadi kwenye kinundu cha nje cha ugoko. Si msuli, wala haukazi wenyewe. Unakazwa kutoka juu, na msuli mdogo ulio mbele ya nyonga pamoja na sehemu kubwa ya msuli mkubwa wa makalio, ambayo haiendi kwenye mfupa bali huingia moja kwa moja ndani ya ukanda huu. Kwa njia hiyo tako lina mkono unaofika mpaka gotini, na hata mpaka kwenye kilegesambwa, maana tando za upande wa nje wa kilegesambwa zimeungana na ukanda huo.

Wakimbiaji wenye maumivu ya nje ya goti waliambiwa kwamba ukanda wao umekaza na unasugua mfupa ukienda mbele na nyuma. Mwaka 2006 wataalamu wa anatomia waliochunguza maiti na picha za MRI walionyesha kwamba ukanda umeshikizwa kwenye mfupa wa paja kwa nyuzinyuzi imara, hauwezi kuteleza hivyo. Kinachoonekana kama kuteleza ni mkazo unaohama kutoka nyuzinyuzi za mbele kwenda za nyuma. Kinachobanwa ni tabaka la mafuta lenye neva nyingi lililo chini yake, na hubanwa zaidi goti likiwa limekunjwa kama digrii 30, muda mfupi baada ya mguu kukanyaga.

Halafu kuna kujiviringisha juu ya roli ya povu ili kuulainisha. Mwaka 2008 hesabu za kimahesabu zilionyesha kwamba kuibana fasia lata kwa asilimia 1 tu kunahitaji nguvu kubwa kuliko ambayo mikono ya mtabibu inaweza kutoa. Roli inaweza kupunguza hisia ya kukaza kwa muda, na hilo si kitu cha kudharauliwa, lakini anayedhani ameurefusha ukanda anajidanganya. Kunyoosha misuli nako, kwa wiki chache, hubadilisha zaidi kiwango cha mvuto ambacho neva zinavumilia kuliko urefu wa tishu yenyewe.

Eneo hili la nje ya goti lina historia ya kuchekesha. Mfaransa Paul Segond aliandika mwaka 1879 kuhusu utepe mgumu wa rangi ya lulu unaokaza pale goti linapozungushwa ndani kwa nguvu. Mwaka 2013 madaktari wa Ubelgiji walipoueleza upya kwa undani, magazeti yalitangaza kwamba ligamenti mpya imegunduliwa katika mwili wa binadamu.

Kano zenyewe hubadilika, lakini polepole. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia kaboni ya mionzi iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakaona kwamba kiini cha kano ya kisigino hukamilika ujanani na baada ya hapo karibu hakijengwi upya. Uzito mkubwa unaoinuliwa taratibu kwa wiki na miezi huifanya kano iwe ngumu zaidi kuvutika, lakini msuli huwahi kupata nguvu kabla ya kano kuufikia. Mtu aliyeanza kuruka kila siku kwa pupa hujikuta na kwadrisepsi yenye nguvu inayoivuta kano ambayo bado haijawa tayari, na maumivu hutokea chini kidogo ya kilegesambwa.

Goti nalo hujibu

Mpaka hapa paja limekuwa likitoa amri. Lakini goti lina namna ya kulinyamazisha paja. Maji yakijaa ndani ya kiungo, neva zilizo kwenye utando wake hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, na amri ya kwadrisepsi hupunguzwa bila mwenyewe kutaka. Majaribio ya kuingiza maji ya chumvi katika magoti mazima yalionyesha kwamba kiasi kidogo tu, mililita 20 hadi 30, hutosha kudhoofisha kichwa cha ndani cha kwadrisepsi, hata pasipo maumivu.

Na maumivu yenyewe hayatoki mahali watu wanapodhani. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa Marekani Scott Dye alichapisha matokeo ya kuguswa ndani ya magoti yake mwenyewe kwa kifaa, bila ganzi ndani ya kiungo. Gegedu la kilegesambwa, lile linalolaumiwa kila linapoonekana limechakaa kwenye picha, halikumpa maumivu yoyote. Utando wa ndani na kifuko cha mafuta kilicho nyuma ya kano ya kilegesambwa vilimuumiza vikali.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia mwenye uzoefu, akimpokea mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti, hakimbilii kumwongezea uzito. Hushughulikia kwanza uvimbe, kisha huhakikisha goti linanyooka mpaka mwisho, na mara nyingi hutumia umeme mdogo kuikaza kwadrisepsi ambayo ubongo umezuiwa kuiamuru. Mgonjwa anayeona paja likikonda ndani ya wiki mbili hujiona mvivu, kumbe uti wa mgongo ndio uliofunga bomba, na bidii yake haitalifungua mpaka goti litulie.